Mimba ya wiki tisa na kutapika kutwa: jibu kwa binti wa Makorora

Binti mmoja wa hapa Tanga, Makorora, kaniandikia hivi, nafupisha kidogo: "Shikamoo mama. Nina miaka 23, mimba ya kwanza, nahesabu wiki ya tisa. Natapika asubuhi, mchana mpaka usiku na mate yanajaa mdomoni natema siku nzima. Mume wangu anauza samaki Deep Sea, akifika tu mlangoni na ile harufu nakimbilia chooni. Kinachokaa tumboni ni muhogo wa kuchemsha na barafu za ukwaju, na udongo natafuna kwa kujificha. Mama mkwe anasema nadeka, yeye kazaa sita na shamba alikuwa anaenda. Kliniki anasema nisubiri mpaka tumbo litoke, wenye macho mabaya wasijue. Jirani kanipa vidonge vya kuzuia kutapika kwenye kibahasha, sijavimeza bado. Naogopa mtoto hapati chakula. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Umefanya vizuri kutovimeza hivyo vidonge, nitavirudia. Ila kwanza hili la kudeka tulimalize maana nahisi linakuumiza kuliko hata kutapika kwenyewe.

Hudeki. Katika wanawake kumi wenye mimba changa, saba au nane wanapata kichefuchefu, wengine kidogo tu cha asubuhi, wengine kama wewe kutwa nzima, na sababu iko kwenye damu, sio kwenye tabia. Zamani tulikuwa tunasema ni homoni za mimba basi, tunaishia hapo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao walionyesha wazi zaidi, kuna homoni inaitwa GDF15 ambayo kondo la nyuma linaimwaga kwa wingi kwenye damu ya mama, inapanda mpaka kwenye ubongo sehemu inayoamsha kichefuchefu. Sasa mwanamke ambaye kabla ya mimba mwili wake ulikuwa na homoni hiyo kidogo sana, ikija ghafla inampiga vibaya, na yule ambaye mwili ulishaizoea haimsumbui sana. Kwa hiyo mama mkwe anasema kweli kabisa kwamba yeye alienda shamba na mimba zote sita, mwili wake uliruhusu, na wewe unasema kweli kwamba huwezi hata kusimama jikoni. Hakuna muongo hapo. Mwambie hivyo kwa adabu, au mpe simu asome mwenyewe.

Hofu ya mtoto kukosa chakula naielewa, kila mama wa mimba ya kwanza ananiuliza. Wiki ya tisa mtoto ana urefu wa sentimita mbili na kitu, ni mdogo mno, anachohitaji kwa sasa ni kidogo na anakipata kwenye ukuta wa kizazi chako na kwenye akiba ya mwili wako wakati kondo la nyuma linajijenga. Miezi mitatu ya mwanzo mama wengi hawaongezeki hata kilo mbili na wapo wanaopungua kidogo, halafu mtoto anazaliwa na uzito mzuri tu. Kwa hiyo hizi wiki usijilazimishe kula "vizuri", sahani ya wali samaki mboga matunda, hapana, kula kinachokaa. Muhogo unakaa? Kula muhogo. Mlo kamili utaurudia kichefuchefu kikipungua, na kwa wengi kinapungua kati ya wiki ya 12 na 16, kilele chake ndio hizi wiki ulizopo sasa, ya nane mpaka ya kumi. Wachache kinawafikisha wiki ya 20 na wachache zaidi kinaenda nao mpaka kujifungua, lakini usianze kujihesabu humo leo.

Maji ndiyo yananipa wasiwasi mimi kuliko chakula. Siku mbili tatu bila chakula cha maana mwili unavumilia, bila maji hauvumilii, na kama unatapika, unatema mate na joto la kaskazi letu hili unalotoka nalo jasho mpaka usiku wa manane, unapoteza maji kwa njia tatu kwa wakati mmoja. Halafu ukikaukiwa na maji kichefuchefu chenyewe kinazidi, ndio unatapika tena, unakauka tena.

Sasa usinywe maji kwa glasi. Glasi nzima ikiingia kwenye tumbo lililokasirika inarudi yote. Chukua kijiko cha chakula, kijiko kimoja, meza, subiri dakika tano, kingine. Inachosha lakini ukiendelea hivyo saa nzima unakuwa umeingiza zaidi ya yule aliyekunywa glasi akaitapika. Usinywe pamoja na chakula, weka nusu saa katikati, maana tumbo likijaa vyote viwili linarudisha. Baridi inakaa vizuri kuliko vuguvugu, ndio maana hizo barafu za ukwaju zinakufaa, wala usione aibu nazo, mtu anayefyonza barafu anakunywa maji taratibu bila kujua. Ila tengeneza mwenyewe. Chemsha maji, loweka ukwaju, chuja, sukari kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole, funga kwenye vimfuko visafi weka kwenye friji, kama huna friji mpe jirani mwenye nayo. Za kununua mtaani hujui maji yametoka bomba gani, na mwenye mimba akipata homa ya matumbo au kuhara juu ya kutapika huko tunakuwa na kesi nyingine kabisa. Madafu pia, Tanga hii madafu yamejaa kila kona, dafu linarudisha maji na madini ya potasiamu unayoyapoteza ukitapika. Na pakiti ya ORS ya duka la dawa, changanya kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kunywa kwa kijiko vilevile. Ukikosa pakiti tumia sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha na chumvi nusu kijiko cha chai kwa lita 1, usizidishe chumvi.

Utajuaje maji yanatosha? Angalia mkojo. Ukiwa mweupe au njano hafifu uko salama, ukianza kuwa mweusi mweusi kama chai ya rangi au ukapitisha muda wa saa nane bila kukojoa kabisa, umekauka.

Chakula sasa. Tumbo tupu ni adui yako, ile asidi ikibaki peke yake ndiyo inakuchefua ukiamka. Kabla ya kulala weka pembeni ya kitanda kipande cha mkate mkavu, biskuti zisizo na krimu, au huo muhogo wako, ukiamka usiku kukojoa tafuna kidogo, na asubuhi kabla hujainua kichwa kula vipande viwili vitatu, kisha baki umelala robo saa ndio uinuke polepole. Hili moja limewasaidia mabinti wengi kuliko dawa. Mchana kula kila baada ya saa moja na nusu au mbili, kiasi cha kiganja tu, hata kama husikii njaa, maana ukisubiri njaa ishakuwa kichefuchefu. Chakula kilichopoa hakitoi harufu, kwa hiyo viazi vilivyopoa, ndizi, yai la kuchemsha lililoiva vizuri, mbaazi bila mafuta mengi, bada (ugali wa muhogo) ukiliweza, uji mwepesi uliowekwa ndimu. Samaki ukishindwa kwa sasa achana naye, maharage na mayai vitakushikilia mpaka tumbo litulie. Vya kukaangwa na pilipili viache kidogo, kachori zinanukia najua, lakini mafuta yanakaa sana tumboni.

Tangawizi inasaidia, hii sio ya bibi tu, hata Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2016 limeitaja pamoja na vitamini B6 kwa kichefuchefu cha mimba changa. Mbichi, kata vipande vyembamba, chemsha, kunywa ikiwa imepoa, kikombe mara mbili tatu kwa siku inatosha, usiifanye kali mpaka inaunguza koo maana italeta kiungulia. Ukiona haikufai acha, si lazima.

Harufu ndiyo ngumu kwako na sikulaumu, pua ya mwenye mimba inanusa vitu ambavyo wenzio hawavisikii kabisa. Zungumza na mumeo. Akitoka Deep Sea asiingie ndani na nguo za kazi, aweke ndoo ya maji, sabuni na ndimu uani, aoge huko, asugue mikono na ndimu mpaka kwenye kucha, nguo zibaki kwenye ndoo yenye kifuniko. Anakupenda atafanya, mwambie tu vizuri kwamba humkimbii yeye, unakimbia samaki, maana wanaume wengine wanaumia kimya kimya wanadhani mke kawachukia. Na udi, wallahi najua nyumba zetu za pwani jioni lazima chetezo kiwake, lakini kwa wiki hizi mwombeni mama apumzishe udi na marashi makali, afungue madirisha upepo wa bahari upite. Wewe tembea na nusu ya ndimu kwenye kitambaa, harufu ikikujia nusa ndimu. Jikoni kwenye moshi wa mkaa usikae kama kuna mwingine wa kupika.

Mate mengi si ugonjwa wala si uchafu, yanaenda na kichefuchefu na yatakwisha nacho. Kuyameza kunakuchefua basi tema, tembea na kopo dogo lenye kifuniko, sukutua mdomo mara kwa mara, fyonza barafu au kipande cha ndimu. Ukishatapika usikimbilie mswaki, asidi inakuwa imelainisha meno na mswaki unayachubua, sukutua kwanza na maji subiri nusu saa ndio upige mswaki.

Huo udongo mwanangu. Sikugombezi, nusu ya wajawazito ninaokaa nao wananificha kitu hikihiki, na pale sokoni unauzwa wazi tu kwenye mafungu, kwa hiyo unaona ni kitu cha kawaida. Shida yake ni kwamba udongo unashika madini ya chuma tumboni yasiingie kwenye damu, na hamu yenyewe ya udongo mara nyingi inakuja kwa mtu ambaye damu yake tayari ni ndogo, unajiongezea tatizo. Tena unaweza kuwa na mayai ya minyoo na hata madini ya sumu kama risasi ambayo hayamfai mtoto. Kwa hiyo mwambie nesi ukweli ili akupime wingi wa damu. Hamu ikikubana tafuna kitu kigumu kingine, muhogo mbichi mtamu kidogo sio mwingi, karoti, barafu, na punguza siku hadi siku kama kuacha ghafla kunakushinda.

Sasa nisikilize hapa. Kutapika kwa kawaida kuna mpaka wake, ukiuvuka huo sio mimba changa ya kawaida tena, ni ugonjwa unaohitaji dripu. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, kama maji hayajakaa tumboni kwa saa 24, kama mkojo umekuwa ule mweusi au umekata, kama ukisimama unaona giza unataka kuanguka, kama moyo unakwenda mbio umekaa tu, kama unatapika damu, au kama umepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito uliokuwa nao, yaani mwenye kilo 60 akipungua 3 hiyo tayari. Watapima mkojo, ukionyesha mwili umeanza kula mafuta yake utawekewa maji, na mara nyingi mtu anaingia amebebwa, kesho yake anatoka anatembea. Wakikuona umezidi watakupeleka hospitali ya Bombo na huko watakuangalia kwa ultrasaundi pia, maana mapacha na mimba zabibu (kondo la nyuma linakua vibaya kama kichala cha zabibu) huleta kutapika kukali.

Na hivi navyo usisubiri hata saa moja: damu ukeni, maumivu makali ya tumbo la chini hasa upande mmoja au yanayopanda begani (mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi), homa. Homa Tanga maana yake upime malaria, na malaria nayo inatapisha, nimeona watu wanaacha malaria mpaka inakuwa kali kwa kusema "si ni mimba tu". Mimba haileti homa.

Vidonge vya kibahasha. Havina jina, hujui ni nini, jirani hajui pia. Miaka ya 1957 mpaka 1961 huko Ulaya na kwingineko kulikuwa na dawa inaitwa thalidomide, wajawazito walipewa kwa kichefuchefu hikihiki, ikasifiwa kuwa ni salama kabisa, na watoto elfu nyingi wakazaliwa na mikono na miguu mifupi au hawana kabisa. Wiki unazopitia sasa ndizo viungo vya mtoto vinamalizika kuundwa. Hii sio kusema dawa zote ni mbaya, la, zipo zilizotumika miaka na miaka kwa wajawazito na tunaziamini. Vitamini B6 miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku ndiyo ya kuanzia, ikishindikana daktari anaweza kukuandikia promethazini, hiyo inaleta usingizi mzito, au metoklopramidi kwa siku chache, hii kwa mabinti wadogo mara nyingine inakakamaza shingo na taya, ndio maana nataka akuandikie mtu anayekuona sio bahasha. Kwa hiyo usiteseke ukijiambia dawa haramu kwa mimba, na usimeze usichokijua. Shubiri na sanamaki kwa ajili ya choo acha, na mizizi ya kuchemsha anayokuletea mtu acha pia, hata kama kaileta kwa upendo. Kichwa kikiuma ni paracetamol, sio diclofenac wala ibuprofen.

Choo kigumu, maana najua kinakuja kama hakijafika, ni homoni zinalegeza utumbo. Machungwa ya Muheza, papai lililoiva, mchicha, maji, kutembea jioni. Kiungulia, kula kidogo kidogo na usilale mara tu baada ya kula, inua kichwa kwa mto wa pili. Kukojoa kila saa ni kawaida, mkojo ukiunguza sio kawaida, upimwe. Matiti kuuma, sidiria pana isiyobana. Na huo uchovu wa kutaka kulala saa nne asubuhi, lala, vyombo havitakimbia.

Kliniki ndipo nitakapotofautiana na mama mkwe, kwa heshima yake. Kuficha mimba changa ni desturi yetu na siivunji, usimtangazie mtu, usiweke kwenye simu, sawa. Lakini nesi si mtaa. Unaingia na dera lako pana na mtandio, unakaa kwenye foleni kama wagonjwa wengine, ukifika ndani ndio unasema. Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki ya 12 na wewe uko ya tisa, sio mapema, ndio wakati wake. Watakupima damu wingi na kundi, kaswende, VVU, malaria, mkojo, presha, uzito, na uzito wa sasa ndio utatuonyesha wiki ijayo kama unapungua. Utapewa chandarua chenye dawa na vidonge vya chuma na foliki. Vile vya chuma vinaweza kukuongezea kichefuchefu, kwa hiyo meza usiku ukienda kulala na kitu kidogo tumboni, bila chai, chai inazuia chuma, na vikikutapisha kabisa mwambie nesi akupe foliki peke yake kwa wiki chache, usivitupe kimya kimya ukamdanganya kwamba unameza. Dawa ya minyoo na ile SP ya kukinga malaria zitakuja baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Ukikutana na mhudumu mwenye mdomo mkali, na wapo, mwulize ulilotaka kuuliza hivyohivyo, au ingia kwa mwingine, haki yako haipungui kwa sababu mtu kaamka vibaya.

Nenda na mumeo kama anaweza kuacha meza ya samaki asubuhi moja, naye apimwe. Na ile sehemu ya dalili za kukimbilia hospitali mpe aisome leo jioni akishaoga, muwe na namba ya bajaji mnayemuamini kwenye simu zenu wote wawili.